Mstari wa Mama

Bosi alikuwa na tabia ya kuuliza swali huku jibu lake analo mfukoni. Asubuhi hiyo alisimama mbele ya ubao, akavuta suruali juu kama mtu anayetaka kuvuka dimbwi, akawatazama wafanyakazi wake, ambao wote wangeweza kuketi meza moja na viti vikabaki.

"Gemu ya kupigana ikitoka leo ikapendwa," alisema, "kesho kutwa zimeshatoka nyingine kama utitiri, zote pacha. Sasa ile ya kijiji, ile ya kupanda maua na kusalimiana na majirani, watu wanaicheza miaka nenda miaka rudi. Mbona haina waigaji? Nani aniambie."

Fundi, aliyeandika programu zote za ofisi ile, alikuwa bado anapigana na usingizi. Mchoraji alikuwa anachora sikio la Bosi pembeni ya karatasi, na kusema kweli lilikuwa sikio la kuchorwa.

"Kwa sababu wenzetu wamelala!" Bosi akajijibu, akagonga ubao. "Sisi tutaiiga. Tena tutaiiga mpaka mwenyewe akiiona adhani ni yake."

Wazo lile lilikuwa la Jicho. Alilitaja Ijumaa wakati wa chai, Bosi akaenda nalo nyumbani, na Jumatatu likarudi limebadili mzazi. Jicho hakuweka kinyongo. Ofisini walimpa jina hilo kwa sababu kazi yake ilikuwa kuucheza kila mchezo kabla haujatoka na kutafuta kasoro, na hakuna kasoro iliyompita. Kivuli kikianguka upande usio wake, anaandika ripoti. Mlango ukifunguka kabla ya kuguswa, anaandika ripoti. Mumewe alikuwa akisema kwamba nyumbani kwao hata kijiko kilichowekwa upande wa uma huripotiwa, na hakuwa anatia chumvi.

Kilichomfanya autake mchezo ule si kazi. Ni mama yake.

Baba alipougua, mama ndiye aliyemuuguza, kwenye chumba cha nyuma, mpaka siku yake ilipofika. Baada ya msiba watu walitawanyika, kila mmoja na ahadi zake za kuja kumwona mara kwa mara, na mnazijua ahadi hizo. Mama alibaki na nyumba kubwa kuliko mahitaji yake, na kabatini alikuta mashine ya michezo ambayo Jicho aliichezea usichanani. Ndani yake mlikuwa na ule mchezo wa kijiji. Alianza kwa mzaha. Baadaye mzaha ukawa utaratibu: kila asubuhi aliamka, akanawa uso, akavaa nguo ya heshima, akaketi kumwagilia maua yasiyo na harufu na kuwaamkia watu wasiokuwepo. Jicho alimcheka mwanzoni. Kisha akaona kwamba akimaliza kuwaamkia wale wa kwenye kioo, mama anakuwa ameshaamka kweli, na anachemsha chai, na anafagia.

Siku moja mashine ikatoa moshi. Mafundi wa mjini waliigeuza huku na huku wakatikisa vichwa. Vipuri vyake havitengenezwi tena. Mama hakulalamika. Aliacha tu kuamka. Ukienda saa tano unamkuta kitandani, ukienda saa saba unamkuta anatafuna mkate mkavu huku amesimama, na nguo ni zile zile alizolalia. Ukimuuliza, anasema amejilaza kidogo. Jicho aliumia, na kwa kuwa hakujua kuuguza mtu, alifanya analolijua: alitafuta mchezo mwingine.

Hapo ndipo alipokutana na lile swali la Bosi kabla Bosi hajalijua. Michezo ya kuiga ilikuwepo michache, na jinsi ilivyokuwa, ni heri isingekuwepo. Ilikuwa na nyumba zile zile, majembe yale yale, kuku wale wale wanaodonoa. Lakini hujakaa sawa, saa inaanza kuhesabu kushuka. Mahindi yako yanakauka! Ng'ombe wako analia! Rudi haraka upate zawadi ya leo! Mama alijaribu mmoja, akauweka chini baada ya muda mfupi, akasema, "Mwanangu, huyu ng'ombe ananidai nini?"

Basi, wakaanza kazi. Ofisi ilikuwa ghorofa ya pili, juu ya duka la rangi za nyumba, na dirisha likifunguliwa kila mtu anaumwa kichwa, lisipofunguliwa kila mtu anatoka jasho. Walichora kijiji chao wenyewe chenye kisima, njia za mchanga, duka la mkate na ghala la mbao. Wakaweka majirani. Mmoja wao alikuwa mzee mwenye kofia, mtunza ghala, na ofisini wakamwita Babu Ghala. Toleo la kwanza lilipoweza kusimama kwa miguu yake, ingawa lilichechemea, Bosi alitafuta watu wa kulijaribu majumbani. Jicho akampelekea mama kishikwambi.

"Hii si ile," mama alisema baada ya kuitazama.

"Si ile, mama. Ni ya kwetu. Ina makosa mengi, ndiyo maana tunataka utusaidie. Wewe cheza tu. Ukiichoka, iache."

"Na mimi nitakuwa mfanyakazi?"

"Wa heshima."

"Wa heshima maana yake hamnilipi," mama alisema, na lilikuwa neno lake la kwanza la utani tangu mashine ife.

Ukutani ofisini paliwekwa kioo kikubwa kinachoonyesha muda ambao kila mjaribu aliutumia kila siku, kila mtu na mstari wake. Mistari ya wengi ilikuwa inakohoakohoa chini chini. Mstari wa mama ulipanda. Wiki ya kwanza ulipanda, ya pili ukapanda tena, ukafika mahali ukatulia huko juu. Bosi kila alipopita na kikombe chake alisimama pale kuutazama, akatabasamu kama ni mtoto wake aliyefaulu. "Huyu mama ni nguzo," alisema. "Mwekezaji akija nitamwonyesha huyu tu, hao wengine nitawaficha nyuma ya kalenda." Jicho alicheka na roho ikamtulia. Mama alikuwa ameamka.

Jumapili moja alikwenda kumtazama akicheza, jicho la kazi likiwa wazi. Akaona kwamba mama hapandi maua. Hanunui mkate. Alipoingia kijijini alinyoosha njia hadi ghalani, na pale alikuwepo Babu Ghala, amesimama ameipa kisogo dunia nzima, pua yake ukutani. Mama alimpeleka mtu wake mdogo wa kwenye kioo akasimama kando ya mzee. Basi. Wakakaa hivyo. Jua la kwenye mchezo likapita juu yao.

"Mama, unafanya nini?"

"Niko naye."

"Anakuambia nini?"

"Hasemi kitu."

Jicho akadhani mama amechoshwa na kasoro za toleo bovu, ila hataki kuwaudhi. Jumatatu akaandika ripoti: mzee wa ghalani anakwama, anatazama ukuta mpaka jioni. Fundi alichimba, akacheka peke yake, akamwita. Kumbe Mchoraji alikuwa amechora gunia mlangoni pa ghala, nalo lilikuwa nene kupita kiasi. Babu kila asubuhi alitaka kuingia ghalani mwake, akagonga gunia, akakosa njia, akageukia ukuta akabaki hapo. Maneno yote aliyoandikiwa ayaseme yalikuwa tumboni, hakuna aliyewahi kuyasikia. Fundi akalipunguza gunia unene. Babu akapita, akaingia, akatoka. Ripoti ikafungwa, na toleo jipya likaenda majumbani.

Baada ya hapo mstari wa mama ukaanza kushuka.

Haukuanguka mara moja. Ulishuka kama mtu anayeshuka ngazi ameshika ukuta: leo kidogo, kesho kidogo zaidi. Wiki mbili baadaye ulikuwa chini kuliko wa kijana mmoja aliyeuita mchezo wao dawa ya usingizi. Bosi aliacha kusimama pale na kikombe. Mwekezaji alikuwa ameshapangiwa siku ya kuja, na Bosi alianza kula kucha.

"Mama yako ana nini?" aliuliza. "Mgonjwa?"

Hilo ndilo Jicho alilokuwa anajiuliza usiku na mchana. Kazi za mwisho zilikuwa zimemla hata Jumapili, hakuwa amekwenda kwa mama. Alipiga simu. Mama alipokea harakaharaka, akasema yuko sawa, wataongea. Nyuma yake kulikuwa na kelele za watu, Jicho akadhani ni redio. Huyu ndiye wa kuona kivuli kilichokosea upande. Masikio yake nayo hayakuwa kazini. Alichokiona yeye ni mstari tu, na mstari ulimwambia kwamba mama amerudi kitandani, safari hii hata kishikwambi hakishiki. Alilia kidogo chooni, akanawa, akatoka, akaenda kwenye meza ya Fundi.

"Lirudishe gunia."

"Gunia gani?"

"La ghalani. Linenepeshe kama lilivyokuwa."

Fundi alimtazama kama mtu aliyeombwa kurudisha jino bovu mdomoni. "Dada, ile ilikuwa hitilafu. Wewe mwenyewe uliiandikia ripoti, tena kwa herufi kubwa."

"Najua. Mama alikuwa anampenda yule mzee vile vile alivyokuwa. Tumemtoa, na mama ameacha kucheza. Hatukuelewa. Watu wanaiga majumba na majembe, hawaigi vile vitu visivyo na kazi yoyote. Ndiyo maana zinawashinda."

Alisema hayo kwa uchungu na kwa hakika, na yalisikika vizuri, hata Fundi akaguswa. Bosi, aliyekuwa amesimama nyuma yao bila kualikwa, aliguswa zaidi. "Hilo neno," alisema. "Hilo nitamwambia mwekezaji. Vitu visivyo na kazi yoyote! Fundi, nenepesha gunia." Mchana ule ule gunia likanenepa. Toleo jipya likaingia lenyewe kwenye kishikwambi cha mama, popote kilipokuwa.

Kesho yake mstari ukaruka, na siku iliyofuata ukaruka zaidi. Jicho alifika ofisini akakuta Bosi anakaribia kucheza muziki usiokuwepo. Mama alikuwa ameingia asubuhi na hakuwa ametoka. Mstari ulikuwa umepita hata kilele chake cha zamani. "Mwekezaji anakuja kesho," Bosi alisema, "na mama amesimama kama mnara! Nenda, nenda kwake leo, mpelekee matunda, mwambie namsalimu sana."

Jicho akaenda na matunda yake mkononi, na moyo mweupe.

Mlangoni alikutana na jirani wa mama, mwanamke mnene mwenye viatu vya raba vyekundu, amesimama akigonga kwa kiganja. "Afadhali umekuja," jirani alisema. "Jana hakutokea, leo hakutokea. Nimegonga mpaka mkono umechoka. Tunatembea pamoja kila asubuhi mimi na yeye, hadi sokoni na kurudi, na yeye ndiye huniamsha. Kuna nini?"

"Mnatembea?" Jicho aliuliza. "Tangu lini?"

"Wiki mbili hizi. Hujui?"

Hakujua. Alifungua kwa ufunguo wake. Mama alikuwa kwenye kiti cha chumba cha nyuma, nguo za kulalia mwilini, nywele hazijachanwa, kishikwambi mapajani na waya wa chaji umenyooshwa kutoka ukutani. Kwenye kioo, Babu Ghala alikuwa ameupa ukuta uso wake, na mtu mdogo wa mama yuko kando yake.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba." Hakuinua macho. "Mzee amerudia."

"Amerudia nini?"

"Alikuwa amepona, mwanangu."

Jicho aliyaweka matunda chini. Mama alizungumza taratibu, bila kuyatoa macho kwenye picha ile. "Baba yako mwezi wa mwisho alilala ameangalia ukuta. Hapa, kitanda kilikuwa hapa. Nilikuwa namwita hageuki. Daktari alisema kaa naye tu, inatosha. Nikakaa. Hakugeuka. Alikwenda vile vile, mimi naangalia kisogo chake." Alikigusa kioo. "Sasa huyu nilipomkuta nikasema, haya, huyu pia nitakaa naye. Sina kazi nyingine. Nikakaa siku zote zile. Asubuhi moja nafika, hayuko ukutani. Ametoka mlangoni na kofia yake, ananijia. Unajua aliniambia nini?"

Jicho alijua. Alikuwa ameyasoma yale maneno kwenye faili la maneno ya wanakijiji.

"Alisema, 'Habari ya asubuhi, jirani. Nina njaa leo. Una samaki?'" Mama alicheka na chozi likamtoka hapo hapo. "Nina njaa leo! Wewe hujauguza mtu, hujui. Mgonjwa akikuambia ana njaa, unaweza kukimbia barabarani ukapiga vigelegele. Nilimvulia samaki, nikampa, akala, akaenda zake kuzungumza na muuza mkate. Nikaona kwamba hanihitaji tena. Na mimi nikajisikia njaa. Nikatoka nikaenda kununua vitu, nikakutana na huyu wa viatu vyekundu, tukazoeana. Niliingia siku moja moja kumwamkia tu mzee, nikamkuta mzima, nikatoka." Akamwonyesha mzee kwa kidole. "Juzi naingia kumwamkia, yuko ukutani. Sasa naweza kumwacha hivi nikaenda sokoni? Mmemfanya nini?"

Mtu akikupiga kofi unajua pa kushika. Jicho hakujua pa kushika. Siku zote zile alipokuwa akiutazama mstari unashuka, mama alikuwa anatoka nje. Na ule mruko walioushangilia ofisini, ni mgonjwa wake waliyemrudishia. Alitoa simu.

"Fundi. Punguza gunia."

"Dada, una homa? Tumelinenepesha juzi."

"Lipunguze sasa hivi, nikiwa nasikia."

"Kesho mwekezaji anakuja! Mstari utaanguka mbele ya macho yake. Bosi ataninyonga kwa waya wa kompyuta."

"Mwambie nimekulazimisha. Mwambie nimekutishia. Fundi, nakuomba, ni mama yangu."

Vidole vikasikika juu ya vitufe. Jicho alipiga magoti kando ya kiti. Kioo kiliganda, kikazima, kikawaka tena. Babu Ghala alisogea mlangoni, akapita, akapotea ndani. Walisubiri mama na binti, wameshikana mikono bila kujua nani alianza. Mzee akatoka na kofia yake.

Mama alimpelekea samaki aliyemweka akiba. Alimtazama mpaka akala na kuondoka. Kisha akakizima kishikwambi, akakiweka juu ya kabati, akamgeukia binti yake na kumkagua kutoka utosini hadi miguuni, kwa jicho ambalo Jicho alilirithi kwake. "Mbona umekonda hivyo? Umekula leo?" Alipoambiwa hapana, alisimama akaenda kumfungulia mlango jirani, ambaye alikuwa bado yuko pale nje na maswali yake.

Mwekezaji alikuja siku iliyofuata kama alivyopangiwa. Jicho alikuwa amejiandaa kumchukia, akashindwa. Alikuwa mtu mpole, mfupi, anayefuta miwani kwa ncha ya shati, na aliucheza mchezo wao kwa muda mrefu kuliko alivyolazimika. Alivua samaki. Aliamkiwa na muuza mkate akaitikia kwa sauti, akaona aibu. Bosi alijaribu kumkinga asiuone ule ukuta, akamletea chai, akamletea biskuti, akafungua dirisha, akalifunga. Lakini huwezi kuficha kioo kikubwa kama mlango.

"Huyu nani?" mwekezaji aliuliza, kidole kikiwa kwenye mstari wa mama. "Huyu alikuwa anaupenda sana. Hapa pakatokea nini, akaanza kuteremka?"

Bosi alifungua mdomo. Jicho akamtangulia.

"Hapo mama yangu alitoka nje."

"Samahani?"

"Ni mama yangu. Alikuwa hatoki nyumbani tangu baba afariki. Hapo alianza kutoka. Kadiri unavyouona unashuka, ndivyo alivyokuwa anakwenda mbali."

Mwekezaji alivaa miwani. "Na hapa, alipopanda ghafla hivi?"

"Hapo tulikosea. Tulimrudisha ndani."

"Na hapa mwisho? Naona amefika sifuri kabisa."

"Tumerekebisha jana," Jicho alisema.

Chini dukani mtu alikuwa anagombana na muuzaji kuhusu kopo la rangi nyeupe ambayo kwa maoni yake haikuwa nyeupe. Mwekezaji aliutazama mstari kwa muda, tangu mwanzo wake hadi ulipolala. Akasema mchezo wao ni mzuri, na hakuwa anasema kwa adabu tu. Akasema kama angekuwa na mchezo ule mwaka jana, yupo mtu angempelekea. "Lakini nitakuwa mkweli kwenu. Fedha yangu inataka mteja abaki. Nyinyi mmetengeneza kitu ambacho kikifanya kazi vizuri, mteja anaondoka, na anaondoka akiwashukuru. Siwezi kukiingiza mahali popote. Sidhani kama kuna mwenzangu ataweza." Akawapa mikono wote, mmoja mmoja, akashuka ngazi. Jicho alimwelewa, na hilo ndilo lililomuuma zaidi.

Bosi aliketi kwenye kiti cha mgeni. Kila mtu alisubiri mvua. Fundi alikuwa ameshaanza kukunja waya zake, Mchoraji anaficha karatasi zenye masikio. Jicho akawasimulia yote, ya baba, ya ukuta na ya samaki, akamalizia, "Bosi, Fundi hana kosa, nilimlazimisha mimi," na Bosi akapunga mkono kama anayefukuza inzi.

"Tutarudi kwenye gemu za matangazo ya sabuni," alisema. "Hatutakufa. Sabuni haijawahi kutuangusha." Kisha akaviangalia viatu vyake. "Nina kaka mkubwa," alisema. Hawakuwahi kusikia kwamba ana kaka. "Tangu kiwanda chao kifungwe hajatoka chumbani. Sahani tunamwekea mlangoni. Nimemnunulia redio, nimemletea viongozi wa dini, nimemgombeza. Hageuki." Alimtazama Fundi. "Nitengenezee nakala moja. Ya kwake. Iwe na gunia nene."

"Na tutalipunguza lini?" Fundi aliuliza, kwa upole ambao haukuwa wake.

Bosi alifikiri. Alimtazama Jicho, na Jicho akatikisa kichwa, kwa sababu kwa kweli hakujua. Yeye alijua kuona kasoro, na hapa hapakuwa na kasoro ya kuiona.

"Muulize mama," Bosi alisema. "Yeye amekaa na baba yako, akakaa na Babu Ghala. Atajua."

Jicho akampigia mama, akaiweka simu mezani na sauti juu ili wote wasikie. Ikaita. Wakasogeza viti. Ikaita weee, mpaka ikakatika yenyewe.

"Piga tena," Fundi alisema.

"Hapana," Bosi alisema. "Mwache atembee."